Ndizi Ukutani, Nyati Zizini: Daftari Langu la Mwaka 2024

Kila tarehe 31 Desemba ukoo wetu hukutana nyumbani kwa Bibi, Morogoro, na pilau ikishaliwa na masinia yakaondolewa mkekani, mimi ndiye ninayefungua daftari na kuanza kuuliza maswali ya chemsha bongo. Kazi hiyo niliirithi kwa marehemu Babu, ambaye alikuwa akikata vipande vya magazeti na kuvihifadhi ndani ya kopo la biskuti. Mimi natumia kaunta buku, na kuanzia Januari hadi Desemba naandika humo kila habari ndogo inayonifanya niache kijiko hewani. Habari nzito za mwaka, zile za maandamano, vita na misiba, zina waandishi wake na zina mahali pake, nami siziingizi katika mchezo wa familia.

Sharti la daftari ni moja tu: swali haliulizwi mpaka jibu lake limehakikiwa. Sharti hilo lilizaliwa mwaka ambao nilimnyima shemeji yangu pointi kwa jibu lililokuwa sahihi, na hadi leo nalihesabu jambo hilo kuwa deni. Tangu hapo nimegundua kitu ambacho mwaka 2024 umenithibitishia karibu kila mwezi, nacho ni kwamba habari ndogo inapopita kutoka simu hadi simu hupungua utamu badala ya kuongezeka. Wanaoipitisha huikwangua pembe zake hadi ifanane na habari nyingine zote, lakini ukiifuata mpaka ilikotoka unaikuta ingali nzima, tena ikiwa na jambo moja au mawili ambayo hakuna aliyekusimulia.

Safari hii nilikwenda Morogoro kwa treni ya SGR, na treni yenyewe ilikuwa swali la kwanza. Huduma ya abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilianza tarehe 14 Juni 2024, ile ya Dodoma ikafuata tarehe 25 Julai, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti. Nauli ya kawaida hadi Morogoro ilipangwa shilingi 13,000. Nilipanda na mpwa wangu wa darasa la sita, ambaye alikaa dirishani na kutaja vituo kimoja kimoja kama anayeita mahudhurio, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, na milima ya Uluguru ilipoanza kuonekana akanyamaza kabisa, kwa kuwa safari zote za nyuma tulikuwa tukiiona ile milima tukiwa tumeshachoka na foleni za barabarani, wengine tumeshalala.

Sasa basi, karibu kila aliyenisimulia habari ya treni hii aliniambia kuwa ndiyo treni ya kwanza ya umeme barani Afrika, au ndiyo yenye kasi kuliko zote. Si kweli, na ukweli hauipunguzii treni yetu chochote. Afrika Kusini ina treni za umeme tangu zamani, reli ya umeme kati ya Addis Ababa na Djibouti imekuwa ikibeba abiria tangu 2018, na Moroko tangu mwaka huohuo ina treni iitwayo Al Boraq inayokimbia hadi kilomita 320 kwa saa, wakati yetu inafikia 160. Jambo la kweli ambalo linanivutia zaidi ni hili: reli ya zamani, ile yenye upana wa mita 1, Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Morogoro mwaka 1907, kwa hiyo mji huu ulikaa zaidi ya miaka 110 ukisikia honi za njia hiyo moja. Halafu kuna jina. Treni ya seti iliyoanza kazi mwezi Novemba, yenye kichwa kilichochongoka kama mdomo wa ndege, wananchi wameipa jina la mchongoko, na hakuna kamati iliyokaa kulijadili jina hilo. Nimeliandika kwenye daftari kwa wino mwekundu, kwa maana lugha inapozaa neno zuri namna hiyo mbele ya macho yetu, tarehe yake inastahili kuhifadhiwa.

Swali la pili lilihusu umeme, nalo lilizua ubishi mrefu kuliko yote. Wasomaji wa Tanzania wanakumbuka kwamba tuliingia 2024 tukiwa na mgao, na ratiba za kukatika zilikuwa zikisambazwa kama ratiba za ligi. Mwezi Februari mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, ukaanza kuingiza megawati 235 katika Gridi ya Taifa. Bwawa hilo limesanifiwa kuwa na mitambo 9 ya aina hiyo, jumla megawati 2,115. Mwezi Machi ikatangazwa habari ambayo mjomba wangu aliikataa katakata alipoisikia, akisema ni utani wa mtandaoni: vituo 5 vya kuzalisha umeme wa maji vilikuwa vimezimwa kwa sababu umeme ulikuwa umezidi mahitaji. Mvua zilikuwa nyingi, mabwawa yamejaa, na nchi iliyokuwa ikihesabu saa za giza ikajikuta inazima mitambo.

Mjomba aliuliza swali ambalo wengi waliliuliza wakati ule, kwamba kwa nini umeme wa ziada usihifadhiwe ukatumika siku ya shida. Niliona raha kwamba ameuliza, kwa kuwa hapo ndipo penye elimu. Umeme wa gridi hauwekwi kwenye pipa. Unaozalishwa sekunde hii hutumika sekunde hii, na uzalishaji ukizidi matumizi, mitambo huenda mbio kupita kiwango na mfumo mzima huyumba, kwa hiyo anayeendesha gridi hulazimika kupunguza upande mmoja ili ulingane na mwingine. Kinachohifadhika ni maji nyuma ya ukuta wa bwawa. Mjomba alisikiliza, akatazama balbu ya sebuleni kwa muda, kisha akasema kwamba miaka yote hii alikuwa akidhani umeme unakaa kwenye waya ukisubiri mtu awashe swichi.

Kutoka umeme tukaenda intaneti, kwani Jumapili ya tarehe 12 Mei simu zetu zilibaki bubu. Katika kundi la familia ujumbe ulikaa na alama moja ya tiki tangu asubuhi, na maelezo yaliyokuja baadaye yalikuwa ya kila aina. Kuna aliyesema setilaiti imeanguka, kuna aliyesema ni dhoruba ya jua, kwa kuwa siku mbili kabla yake dhoruba kubwa ya jua ilikuwa kweli imepaka anga za nchi nyingi rangi za waridi na kijani. Chanzo kilikuwa baharini. Nyaya mbili zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Karibu mawasiliano yote ya intaneti kati ya mabara hupita katika nyaya za namna hiyo, ambazo kwenye kina kirefu hazizidi unene wa mpira wa kumwagilia bustani, na zikikatika hutumwa meli maalumu ya kuzivua, kuziunga na kuzilaza upya. Waya wa EASSy unaanzia mji mdogo wa Mtunzini, jina ambalo kwa Kizulu lina maana ya kivulini. Sikuhitaji kumweleza Bibi kiambishi kile cha mwisho cha mahali. Alikitambua mwenyewe mara moja.

Kuhusu tarehe 29 Februari nilisita kuuliza, kwa sababu ndiyo siku tuliyompoteza Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa awamu ya pili, aliyefariki Dar es Salaam akiwa na umri wa miaka 98 na kuzikwa Mangapwani, Unguja. Bibi ndiye aliyesema niulize. Kizazi chake kinamkumbuka Mzee Rukhsa kwa mambo ya mezani kabisa, kwa sabuni, sukari na vitenge vilivyorudi madukani baada ya miaka ya foleni, na aliona ni heshima kwake kutajwa katika usiku wa furaha. Swali lilikuwa: kumbukizi yake itaangukia tarehe kamili mwaka gani? Vijana walijibu haraka, 2028, nao walipata. Nikaongeza la pili, kama tarehe hiyo hurudi kila baada ya miaka 4 bila kukosa, na hapo wote wakasema ndiyo.

Jibu ni hapana. Mwaka unaogawanyika kwa 100 hauwi mwaka mrefu mpaka ugawanyike pia kwa 400. Ndiyo maana mwaka 1900 haukuwa na tarehe 29 Februari, mwaka 2000 ulikuwa nayo, na mwaka 2100 hautakuwa nayo. Sababu yake ni kwamba dunia huzunguka jua kwa siku 365 na karibu robo, na hiyo karibu ndiyo inayoleta kazi yote, kwani robo si kamili, inapungua kwa takribani dakika 11, na dakika hizo zikiachwa zijikusanye karne baada ya karne majira yangehama kwenye kalenda. Mpwa wangu alitaka kujua kama kuna mtu katika chumba kile atakayeiona 2100. Tulimtazama mdogo wake, mtoto wa miezi 7, aliyekuwa amelala kwenye kanga, nasi tukapiga hesabu kimyakimya.

Hesabu hiyo ilinifungulia njia kwa habari niliyoipenda kuliko zote za mwaka, ingawa haikutokea karibu nasi. Nchini Marekani kuna nyenze wanaoishi chini ya ardhi wakifyonza utomvu wa mizizi kwa miaka mingi, kisha hutoka wote kwa pamoja majira ya kuchipua, hupanda mitini, huimba kwa sauti ya kuziba masikio, hupandana, hutaga na kufa ndani ya wiki chache. Makundi mengine hutoka kila baada ya miaka 13, mengine kila baada ya miaka 17. Mwaka 2024 kundi kubwa la miaka 13 na kundi moja la miaka 17 yalitoka kwa pamoja, na mara ya mwisho makundi hayo mawili kukutana ilikuwa mwaka 1803.

Niliuliza: watakutana tena mwaka gani? Watu wazima wakaanza kukisia. Mpwa wangu akaomba kalamu. Darasani kwao walikuwa wamesoma Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KDS, na aliyekuwa akimwambia siku zote kwamba KDS haina kazi nje ya mtihani ni kaka yake wa kidato cha tatu, ambaye alikuwa amekaa palepale. Namba 13 na 17 zote ni namba tasa, kwa hiyo KDS yake ni 13 mara 17. Alizidisha kwa mkono, akapata 221, akajumlisha na 1803 akapata 2024, akatabasamu, akajumlisha tena 221 na kutangaza 2245. Sitausahau uso wa mtoto yule alipogundua kwamba wadudu wa porini wanatii hesabu iliyoandikwa kwenye daftari lake. Wataalamu wengine wanaona kwamba vipindi hivyo vya namba tasa huwasaidia wadudu wasioane kundi kwa kundi mara kwa mara, na wasizoeleke kwa maadui wanaoongezeka kwa mizunguko mifupi. Kile kilichosemwa mitandaoni, kwamba eneo zima la mashariki mwa Marekani lingefunikwa na makundi yote mawili kwa pamoja, hakikuwa sahihi; maeneo yao yanagusana kidogo tu, katika jimbo la Illinois.

Moo Deng naye aliingia daftarini, ingetosha mstari mmoja, lakini kosa lake lazima lisahihishwe. Ni kiboko aliyezaliwa tarehe 10 Julai 2024 katika bustani ya wanyama ya Khao Kheow, Thailand, akapendwa na ulimwengu mzima kwa kuteleza, kung'ata mpira wa maji wa mtunzaji wake na kukataa kuguswa. Wengi wetu tulimtazama tukidhani ni mtoto wa kiboko kama wa Mto Mara au Katavi, ambaye akikua atakuwa na uzito wa tani moja na zaidi. Huyu ni kiboko mbilikimo, jamii nyingine kabisa, ambaye hata akikomaa huwa na kilo 180 hadi 275 tu, na asili yake ni misitu ya Liberia, Sierra Leone, Guinea na Côte d'Ivoire. Porini hawazidi 3,000. Kwa maneno mengine, nyota mkubwa wa Asia kwa mwaka 2024 alikuwa na nasaba ya Afrika Magharibi.

Mpira wa miguu niliupitia haraka kwa sababu upande wa Simba wa familia yetu ulikuwa hautaki kuzungumzia ubingwa wa 30 wa Yanga. Stephane Aziz Ki alimaliza ligi na mabao 21 na Feisal Salum wa Azam na 19. Lionel Mpasi, kipa wa Kongo, ndiye aliyepiga penalti ya mwisho iliyoitoa Misri katika AFCON ya Januari. Côte d'Ivoire walifungwa 4–0 na Guinea ya Ikweta kwenye uwanja wao wa nyumbani, wakamwondoa kocha mashindano yakiwa yanaendelea, kisha wakachukua kombe. Taifa Stars ilifuzu AFCON ya 2025 tarehe 19 Novemba kwa bao moja la Simon Msuva dhidi ya Guinea, na hapo pande zote mbili za ukoo zilipiga makofi.

Olimpiki ya Paris ndiyo iliyojaza kurasa nyingi. Faith Kipyegon alishinda mita 1500 kwa mara ya 3 mfululizo, jambo ambalo hakuna mwanariadha mwingine aliyewahi kulifanya katika mbio hizo, kwa dakika 3:51.29, na siku chache kabla yake alikuwa amenyang'anywa medali ya fedha ya mita 5000 na kurudishiwa usiku uleule baada ya rufaa. Emmanuel Wanyonyi, aliyekuwa ametimiza miaka 20 siku 9 tu kabla ya fainali, alimshinda Marco Arop wa Kanada katika mita 800 kwa sekunde 0.01, na Kenya ikawa imeichukua dhahabu ya mbio hizo katika Olimpiki 5 mfululizo. Joshua Cheptegei wa Uganda aliweka rekodi ya Olimpiki ya mita 10,000. Letsile Tebogo aliposhinda mita 200 na kuipa Botswana dhahabu yake ya kwanza, Rais wa nchi hiyo alitangaza mchana wa siku iliyofuata kuwa mapumziko kwa wote, nasi sebuleni tulikubaliana kwamba huo ndio uongozi. Medali zetu Watanzania zingali zilezile 2 za fedha, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow, mwaka 1980. Nazitaja kila mwaka, na nitaendelea kuzitaja hadi ziongezeke.

Kisha kuna yule mlenga shabaha wa Uturuki, Yusuf Dikeç, ambaye picha yake, mkono mmoja mfukoni na miwani ya kawaida usoni, ilifika kila kundi la WhatsApp ikiwa na maelezo kwamba alikuja bila vifaa, akalenga, akachukua dhahabu na kuondoka. Maelezo hayo yalimfanya aonekane kama mpita njia. Alichukua fedha, si dhahabu, na hakuwa peke yake: alishindana kwa jozi na Şevval İlayda Tarhan, mwanamke ambaye picha nyingi zilimkata, naye pia alikuwa amesimama na mkono mfukoni. Dikeç alikuwa na vizibo vya masikio. Alikuwa na umri wa miaka 51, na alikuwa akihudhuria Olimpiki tangu ile ya Beijing ya 2008 bila kupata medali hata moja, wala nchi yake haikuwahi kupata medali ya shabaha kabla ya siku ile. Mkono hutiwa mfukoni ili mwili utulie, na wengi katika mchezo huo hufanya hivyo. Niambieni sasa ni hadithi ipi iliyo tamu zaidi, ya mtu aliyebahatisha au ya mtu aliyesimama mbele ya shabaha ileile kwa miaka 16.

Zawadi ya mshindi mwaka huu ilikuwa imebandikwa ukutani tangu saa kumi jioni. Nilichukua futi ya mjomba ya useremala, nikapima sentimita 160 kutoka sakafuni, nikabandika ndizi mbivu moja kwa kipande cha selotepu nene ya kijivu, na wageni wote waliingia wakiuliza kuna nini. Tarehe 20 Novemba 2024, katika mnada wa Sotheby's jijini New York, kazi ya msanii wa Italia Maurizio Cattelan, yaani ndizi iliyobandikwa ukutani namna hiyohiyo, iliuzwa kwa dola milioni 6.2, takribani shilingi bilioni 16. Mnunuzi, Justin Sun, tajiri wa sarafu za mtandaoni, aliila hadharani huko Hong Kong siku 9 baadaye. Ndizi yenyewe ilikuwa imenunuliwa kwa mchuuzi wa barabarani kwa senti 35.

Wiki ile ile nilikuwa Mabibo, katika soko lile tunaloliita Mahakama ya Ndizi, nikamsimulia mama mmoja ninayenunua kwake. Hakucheka. Aliweka chini chana alilokuwa ameshika, akaniuliza ilikuwa ndizi gani, mzuzu au kisukari. Nikamweleza kwamba kwa mujibu wa kazi yenyewe ndizi haina umuhimu, ikiiva kupita kiasi hutupwa na kuwekwa nyingine, na kwamba alichonunua yule bwana ni hati ya uthibitisho pamoja na maelekezo ya namna ya kuibandika na urefu wa kuibandikia. Akafikiri kidogo. “Basi kauziwa maelekezo,” alisema, “ndizi kapewa kama nyongeza.” Nimesoma maelezo mengi ya wahakiki kuhusu kazi ile, na sijaona yaliyoifikia sentensi hiyo kwa usahihi. Kwa kweli hakuna aliyekula dola milioni 6.2, hati ipo, na mwenye nayo anaweza kubandika ndizi nyingine kesho.

Ilipofika saa tano na nusu usiku, Bibi na mpwa wangu walikuwa wamefungana pointi, na swali la mwisho lilikuwa la Arshad Nadeem wa Pakistani. Tarehe 8 Agosti, mjini Paris, alirusha mkuki mita 92.97, rekodi mpya ya Olimpiki, na kuipa nchi yake dhahabu yake ya kwanza ya mchezaji mmoja mmoja. Baba mkwe wake akamzawadia nyati. Habari hiyo ilizunguka dunia ikiwa na alama za kucheka, na Nadeem mwenyewe, kwa upendo, alitania katika mahojiano kwamba mkwewe angetoa hata ekari 5 za shamba. Sebuleni kila mmoja aliijua habari, kwa hiyo swali langu halikuwa alipewa nini, bali yule nyati alikuwa nyati wa namna gani, na wa kazi gani.

Mpwa wangu aliwahi. Alisema ni mbogo kama wa Mikumi, ambao tuliwaona mwaka juzi kando ya barabara, wenye pembe zilizokutana juu ya paji la uso kama nywele zilizopasuliwa kati, na kwamba amepewa kwa sababu ni mnyama shujaa na yeye ni shujaa. Ni jibu lililofikiriwa vizuri, na lugha yetu ndiyo iliyomponza, maana neno nyati kwetu lina mnyama mmoja tu, ambaye hakuna mtu mwenye akili timamu angemfunga kamba. Bibi hakuwahi kusikia lolote kuhusu mifugo ya Punjab. Alikaa na mikono yake magotini, akasema taratibu: “Mkwe hapewi mnyama wa kumuua. Huyo atakuwa anafugwa, na atakuwa wa maziwa, ili binti yangu na wajukuu wangu wasikose.”

Ndivyo ilivyo. Huko Punjab nyati weusi wa kufugwa ndio tegemeo la maziwa, na sehemu kubwa ya maziwa yote ya Pakistani hutoka kwao. Mzee yule alieleza kwamba katika kijiji chao zawadi hiyo ni ya thamani na ya heshima, na mtu wa Mwanza, Kajiado au Ankole, aliyewahi kuona ng'ombe akikabidhiwa mbele ya wazee, angemwelewa bila mkalimani. Waliocheka waliona mnyama. Bibi aliona nyumba ya binti.

Mpwa wangu alikuwa wa kwanza kumpigia makofi. Bibi aliinuka, akashika ukuta kwa mkono mmoja, akaibandua selotepu polepole kwa ukucha ili rangi isitoke, akaimenya ndizi na kuikata vipande 11 kwa kisu cha vitunguu, kila mmoja akapata chake, hata mjomba aliyekuwa nje akisikiliza kama umeme utakatika saa sita. Ile selotepu aliikunja vizuri akaitia mfukoni, akisema kuna ndoo yake uani inavuja.